Taa ya tahadhari: saketi ndogo na maneno yanayoiongoza

taa ya tahadhari nm [i-/zi-] taa ndogo inayounganishwa na kifaa au mtambo ili kumjulisha mtumiaji kwamba hali fulani imefikia kiwango cha hatari au inakikaribia. Mf. *Taa ya tahadhari ya oili iliwaka, dereva akasimamisha gari.*

Fasili hiyo inamtosha msomaji anayetafuta maana tu. Haimtoshi mwanafunzi anayetakiwa kueleza jinsi taa hiyo inavyofanya kazi, wala mfasiri aliyekabidhiwa kijitabu cha maelekezo ya pampu au ya paneli ya sola. Maneno yanayohitajika hapo si mageni: *funga*, *fungua*, *washa*, *zima*, *umeme mdogo*. Ugumu unatokana na ukawaida wao, kwa kuwa kila moja lilikuwa na kazi yake nyumbani kabla ya kuingia karakana. Makala haya yanajenga saketi moja hatua kwa hatua, na katika kila hatua yanaonyesha neno linaloweza kumpotosha fundi.

Mfano unaotumika ni wa tangi la maji. Zahanati ina tangi lililo juu ya mnara, na ina betri ya volti 12 inayochajiwa na paneli ya sola. Maji yakikaribia kuisha, taa iliyo ofisini inapaswa kumjulisha muuguzi wa zamu kabla bomba la chumba cha kujifungulia halijakauka.

Tahadhari, onyo au ilani?

*Tahadhari* na *hadhari* ni maneno ya mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kujihami na jambo baya kabla halijafika. *Onyo* linatokana na kitenzi *onya*, ambacho kwa umbo lake ni kutendesha kwa *ona*: kumwonya mtu ni kumfanya aone. Kwa asili yake, basi, *taa ya onyo* lingekuwa jina zuri. Hata hivyo, matumizi yamelipa *onyo* mwelekeo mwingine. Onyo hupewa mtu aliyekosa au anayekaribia kukosa: mwalimu humpa mwanafunzi onyo, mwajiri humwandikia mfanyakazi barua ya onyo. Tahadhari hutolewa kuhusu hali, kama vile mvua kubwa au barabara yenye utelezi, bila kumlaumu yeyote. *Ilani* ni tangazo kwa umma, na leo watu wengi hulikumbuka kwa *ilani ya uchaguzi*.

Maji kupungua tangini ni hali, si kosa la muuguzi. Kwa hiyo *taa ya tahadhari* ndilo jina linalofaa. Rangi ya taa nayo ni sehemu ya ujumbe. Katika viwango vya Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme (IEC), nyekundu ni ya hatari, manjano ni ya hali isiyo ya kawaida inayohitaji kuangaliwa, na kijani ni ya hali ya kawaida. Mfasiri asibadilishe rangi hata pale anapodhani kwamba nyingine ingependeza zaidi.

"Volteji ya chini" ni volti ngapi?

Katika mazungumzo, *umeme mdogo* ni ule usioumiza: wa tochi, wa redio, wa pikipiki. Katika viwango vya IEC, *volteji ya chini* ni neno la kitaalamu lenye mipaka yake, nayo hufika hadi volti 1,000 za mkondo geu, yaani mkondo unaobadilisha mwelekeo kila mara. Umeme wa majumbani, wa volti 230 au 240, umo ndani ya kundi hilo. Volti 12 za betri zimo katika kundi jingine, *volteji ya chini sana*, ambalo huishia volti 50 kwa mkondo geu na volti 120 kwa mkondo mnyoofu, yaani unaokwenda upande mmoja tu.

Neno *sana* hapo si pambo. Mfasiri anayekuta katika waraka wa kihandisi sharti linalohusu volteji ya chini, kisha akaliandika *umeme mdogo*, anaweza kumfanya msomaji aguse waya wa volti 230 kwa mkono mtupu. Kinga iliyo rahisi ni kutaja namba: *volteji ya chini sana (volti 12)*. Namba haibadiliki maana kutoka karakana moja hadi nyingine.

Jambo la pili ni kwamba uchache wa volti hauondoi hatari zote. Volti 12 hazimdhuru mtu mwenye mikono mikavu, lakini betri ya volti 12 inaweza kusukuma mkondo mkubwa mno pale ncha zake mbili zinapogusana kupitia waya mtupu. Waya huwa mwekundu kwa joto na kuunguza kilicho karibu. Hali hiyo mafundi huiita *shoti*, na hapo pana mtego mwingine: *kupigwa shoti* ni kutetemeshwa na umeme mwilini, ilhali *shoti* katika saketi ni mkondo kupita njia ya mkato isiyo na ukinzani wa kutosha. Betri ya zahanati haielekei kumpiga mtu shoti, lakini ikitokea shoti katika nyaya zake inaweza kuunguza nyumba. Maelekezo yaseme ni shoti ipi.

Sehemu za saketi

*Saketi* ni njia kamili inayouwezesha mkondo wa umeme kutoka ncha moja ya betri na kurudi katika ncha nyingine. Njia ikikatika mahali popote, mkondo husimama kote. Saketi ya tangi ina sehemu tano, na zote zimepangwa mfululizo, moja baada ya nyingine:

1. *Betri* ya volti 12, ambayo ndiyo chanzo.
2. *Fyuzi* ya ampea 1, inayowekwa karibu kabisa na ncha chanya ya betri. Kazi yake ni kulinda nyaya dhidi ya shoti, si kulinda taa. Ikiwekwa mbali, kipande cha waya kilicho kati yake na betri hubaki bila ulinzi.
3. *Kikinza*, ambacho mafundi wengi hukiita *rezista*, kinachopunguza mkondo. Neno hili ni la ukoo mmoja na *kinza* na *ukinzani*.
4. *Diodi itoayo mwanga*, ambayo ndiyo taa yenyewe. Ile ya kwanza iliyotoa mwanga mwekundu unaoonekana kwa macho ilionyeshwa na Mmarekani Nick Holonyak mwaka 1962.
5. *Swichi ya boya*, inayoning'inizwa ndani ya tangi. Boya likishuka pamoja na maji, swichi huunganisha nyaya mbili.

Diodi hupitisha mkondo upande mmoja tu. Mguu wake mrefu huelekezwa upande wa chanya na mfupi upande wa hasi. Ikigeuzwa haiwaki, na volti 12 za kinyume zinaweza kuiharibu.

Vitenzi vinavyoambatana na sehemu hizi vinahitaji uangalifu. *Mkondo*, ambao kwanza ni mwendo wa maji mtoni au baharini, *hupita* katika waya na hupimwa kwa ampea. *Volteji* haipiti mahali. *Ipo kati ya* ncha mbili, na hupimwa kwa volti. Sentensi kama "volti 12 zinapita kwenye taa" husikika mara nyingi, lakini humzuia mwanafunzi asielewe hesabu inayofuata.

Hesabu ya kikinza

Diodi nyekundu ya kawaida huhitaji takriban volti 2 kati ya miguu yake, na mkondo wa miliampea 10, yaani ampea 0.01, huitosha kung'aa vizuri. Betri ina volti 12. Volti 10 zinazosalia ni lazima ziwe kati ya ncha za kikinza. Kwa kanuni aliyoichapisha Mjerumani Georg Ohm mwaka 1827, ukinzani ni volteji kugawanya kwa mkondo:

(12 − 2) ÷ 0.01 = 1,000

Kikinza kinachotakiwa ni cha omu 1,000. Katika mikanda yake ya rangi husomwa kahawia, nyeusi, nyekundu. Mkanda wa nne ukiwa wa dhahabu, thamani yake halisi inaweza kupungua au kuzidi kwa asilimia 5. Joto linalozalishwa ndani yake ni volti 10 mara ampea 0.01, yaani wati 0.1, hivyo kikinza kidogo cha robo wati kinatosha.

Betri iitwayo ya volti 12 haikai kwenye 12 wakati wote. Inapochajiwa hufika takriban volti 14.4. Mkondo huo utakuwa (14.4 − 2) ÷ 1,000, yaani miliampea 12.4, ambao bado uko chini ya miliampea 20 zinazovumiliwa na diodi nyingi za aina hiyo. Msanifu makini hukokotoa kwa hali ya kawaida, kisha hukagua kwa hali iliyo mbaya zaidi.

Urefu wa waya hausumbui. Waya wa shaba wa milimita 0.5 za mraba unaokwenda mita 30 hadi mnarani na kurudi mita 30 nyingine una ukinzani wa takriban omu 2. Kwa miliampea 10, volteji inayopotea njiani ni takriban 0.02 tu. Ndiyo sababu taa inaweza kuwekwa ofisini, mahali ambapo mtu ataiona.

Kufunga na kufungua

Hapa ndipo Kiswahili cha nyumbani na cha karakana vinapogongana zaidi. Bomba likifungwa, maji husimama; likifunguliwa, maji hutoka. Kwa mfano huohuo watu husema "funga redio" wakiwa na maana ya kuizima, na "fungua redio" wakiwa na maana ya kuiwasha. Katika saketi mambo ni kinyume. Saketi iliyofungwa ni ile ambayo ncha zake zote zimekutana, na mkondo unapita. Saketi iliyofunguliwa ni ile yenye mwanya, na mkondo umesimama.

Kuna maana ya tatu. *Kufunga* ni kusimika kifaa mahali pake: kufunga pampu, kufunga taa, kufunga umeme katika nyumba. *Kufungua* nako ni kukongoa, kama fundi anavyofungua injini. Kwa hiyo sentensi fupi kama "Fundi amefunga swichi ya tangi" ina tafsiri tatu:

- ameisimika tangini;
- ameizima, na umeme haupiti;
- ameunganisha ncha zake, na umeme unapita.

Tafsiri ya pili na ya tatu zinapingana kabisa. Msomaji akiwa juu ya ngazi, bisibisi mkononi, hana muktadha wa kumwokoa.

Njia bora ni kuyaacha maneno haya kila inapowezekana na kutumia yasiyo na uwili. Kwa kusimika, andika *simika* au *weka*. Kwa hali ya mkondo, andika *unganisha saketi* na *kata saketi*. Swichi ambayo ncha zake hukutana pale tu inapoguswa au kusukumwa iitwe *iliyokatika kwa kawaida*. Ile ambayo ncha zake hukutana muda wote hadi iguswe iitwe *iliyoungana kwa kawaida*. Majina hayo ni marefu, lakini fundi hawezi kuyasoma kinyume.

Taa isiyowaka inasema nini?

Saketi iliyoelezwa hadi sasa inafanya kazi, ila ina kasoro kubwa. Taa ikiwa gizani, muuguzi huchukulia kwamba tangi lina maji. Lakini taa ingekuwa gizani vilevile kama fyuzi ingekatika, kama panya angetafuna waya, kama diodi ingeharibika au kama betri ingeisha. Giza moja linabeba habari mbili, moja ya amani na moja ya maafa.

Lugha inao uwezo wa kutenganisha hali hizo, na mwandishi autumie. *Zimwa* ni kutendwa: yupo aliyeizima taa. *Zimika* ni kutendeka: taa imeacha kuwaka, na mtendaji hatajwi. *Ungua* hueleza sababu: taa imeharibika kwa joto au kwa mkondo uliozidi. Katika mazungumzo husikika pia "taa imezima", matumizi ambayo hayasemi kama kuna mtu aliyefanya hivyo. Katika maelekezo ni bora kuyaepuka. Kadhalika, taa *huwaka* yenyewe hali inapobadilika, lakini *huwashwa* na mtu. Kuandika "taa ya tahadhari ikiwashwa" ni kumtafuta mwashaji ambaye hayupo. Andika "ikiwaka".

Sarufi peke yake haitoshi, kwa sababu muuguzi anaiona taa, haioni sentensi. Saketi yenyewe inapaswa kutenganisha giza na giza. Mbinu tatu zinajulikana.

Ya kwanza ni ya gari. Dereva wa daladala au matatu akigeuza ufunguo kabla injini haijawaka, taa ya presha ya oili huwaka. Injini ikishaanza kuzunguka na presha kupanda, taa huzimika. Kuwaka kule kwa mwanzo ni jaribio: kunaonyesha kwamba globu ni nzima na waya haujakatika. Dereva ambaye taa yake haikuwaka alipogeuza ufunguo hana sababu ya kufurahi. Amepoteza mlinzi wake. Katika saketi ya tangi, jaribio kama hilo hupatikana kwa kuweka *kitufe cha kujaribia* sambamba na swichi ya boya. Muuguzi hukibonyeza anapoanza zamu. Taa isipowaka, fundi aitwe. Ili nyaya za mnarani nazo zipimwe, kitufe kiwekwe kule zinakoishia, jirani na boya. Kikiwekwa ofisini kinaipima betri, fyuzi, kikinza na taa tu.

Ya pili ni ya reli. Mwaka 1872 Mmarekani William Robinson alipata hataza ya saketi ambayo mkondo hupita katika reli wakati wote njia ikiwa tupu. Garimoshi likiingia, magurudumu na ekseli zake huunganisha reli mbili, mkondo hauifikii tena swichi ya sumaku-umeme iliyo upande wa pili, na ishara hugeuka kuwa ya hatari. Betri ikiisha au waya ukikatika, mkondo hukoma vilevile na ishara hugeuka vilevile. Hitilafu yoyote ya namna hiyo huangukia upande wa usalama. Kwa tangi, maana yake ni taa ya kijani inayowaka maji yakiwapo na kuzimika yakipungua. Gharama ni ndogo: miliampea 10 kwa saa 24 ni ampea-saa 0.24, kiasi ambacho paneli ya sola hukirudisha kila siku. Udhaifu wake ni kwamba jicho huiona upesi taa inayowaka kuliko inayozimika.

Ya tatu inaziunganisha hizo mbili. Swichi nyingi za boya huja na nyaya tatu: mmoja wa pamoja na miwili ya kupokezana. Waya wa pamoja huunganishwa na kikinza. Boya likiwa juu, mkondo huelekezwa kwenye diodi ya kijani. Likishuka, huhamia kwenye nyekundu. Kwa kuwa diodi moja tu huwaka kwa wakati mmoja, kikinza kilekile cha omu 1,000 kinazihudumia zote mbili. Sasa kuna kauli tatu zilizo wazi: kijani, maji yapo, nyekundu, maji yanakaribia kuisha, giza tupu, saketi ina hitilafu. Waya mmoja wa ziada na diodi moja ya bei ndogo vimelipa giza maana yake lenyewe.

Maelekezo ya mfano

Kibandiko kinachowekwa ukutani kando ya taa kinaweza kuandikwa hivi:

*KIJANI INAWAKA: Maji yapo.*
*NYEKUNDU INAWAKA: Maji yanakaribia kuisha. Jaza tangi sasa.*
*HAKUNA TAA INAYOWAKA: Usidhani maji yapo. Angalia tangi, kisha mwite fundi.*

Mstari wa tatu ndio unaosahaulika zaidi, na ndio unaohitajika zaidi. Kibandiko hakitaji volti, diodi wala swichi, kwa kuwa msomaji wake anataka kujua la kutenda. Istilahi zibaki katika kijitabu cha fundi.

Muhtasari wa matumizi

- Andika *taa ya tahadhari* kwa hali. Acha *onyo* kwa mtu.
- Andika *volteji ya chini sana (volti 12)*. Epuka *umeme mdogo* katika maelekezo ya kiufundi.
- Andika *mkondo unapita* na *volteji iliyo kati ya*. Epuka *volti zinapita*.
- Andika *unganisha saketi* na *kata saketi*. Epuka *funga* na *fungua* pasipo maelezo.
- Andika *simika* kwa kuweka kifaa mahali pake.
- Andika *taa ikiwaka* na *taa ikizimika* pasipo mtendaji. *Ikiwashwa* na *ikizimwa* pakiwa na mtendaji.
- Bainisha *shoti* ya nyaya na *kupigwa shoti*.
- Popote palipo na taa ya tahadhari, eleza pia maana ya kutowaka kwake.

Taz. pia: mkondo, saketi, tahadhari, ukinzani, waka, zima.